Sikuvaa Matambara

Nywele zangu zimeota tena. Zimeota laini na zina mawimbi ambayo sikuzaliwa nayo, na wateja wanaoingia kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa Daraja Mbili hudhani nimetia dawa. Nawaacha wadhani hivyo. Lakini kuna siku huingia mwanamke anayeanza kwa kuuliza bei ya kufupisha sketi, na sketi yenyewe hana. Amesikia kwamba fundi Nashipai alikatwa titi na bado yuko kwenye cherehani. Namvutia stuli, nachomoa waya wa pasi, tunaongea. Haya ninayoandika ni ya huyo, na ya wengine ambao kibanda changu kiko mbali nao. Saratani ni nini hasa sitawafundisha; madaktari wapo. Mimi nitasimulia jinsi nilivyotibiwa kwenye hospitali ya serikali nikiwa sina bima, na jinsi nilivyokataa kutibiwa kama mtu aliyekuja kuomba.

Uvimbe niliugusa nikiwa naoga, wakati wa vuli, mijakaranda ya mjini ikiwa imemwaga maua barabarani. Ulikuwa kwenye titi la kulia, mgumu, hauumi. Kwa fundi wa sare za shule huo ndio msimu wenyewe. Nilikwenda kituo cha afya wiki hiyohiyo, wakanipeleka hospitali kubwa, wakakata kinyama wakakipeleka maabara. Kisha nikarudi kushona na kusubiri. Majibu yalitoka shule zimeshafunguliwa, watoto wa mtaa wetu wakipita mbele ya kibanda na kola nilizowashonea.

Kaka yangu Lazaro aliteremka kutoka Olmotonyi siku ya pili yake. Yeye ndiye mkubwa wetu, anafuga, na tangu baba afariki hakuna jambo la nyumbani linaloamuliwa bila yeye. Aliketi sebuleni kwangu na fimbo yake katikati ya magoti. Mume wangu Elia, ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti, alikaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kuondoka.

"Hospitali ya serikali ni ya kwenda kufia," kaka alisema. "Nitauza ng'ombe. Tutakupeleka ya kulipia, uhudumiwe kama mtu."

"Baba alihudumiwa kama mtu," nikamjibu. "Leo yeyo analima wapi?"

Jibu tulilijua wote. Baba alilazwa kwenye hospitali ya kulipia, chumba peke yake, shuka nyeupe. Alifariki humohumo. Ili tumtoe akazikwe tuliuza shamba la bondeni, lenye maji, na mpaka leo yeyo, mama yetu, analima kwa kukodi. Simlaumu daktari wala simlaumu kaka. Walifanya walichoweza. Ila nilikuwa nimeshaona ugonjwa wa mtu mmoja ukila chakula cha ukoo mzima, na sikutaka wangu ufanye hivyo.

"Ng'ombe wabaki," nikasema. "Nitakwenda ya serikali. Nitaomba msamaha wa gharama za matibabu."

Hapo Elia akainua kichwa. "Msamaha unapitia kwa mwenyekiti wa mtaa. Daraja Mbili nzima itajua nimeshindwa kumtibu mke wangu."

"Elia, nitakapokuwa sina nywele watajua tu."

Alitoka nje. Tulikaa siku kadhaa tukisemeshana kuhusu mkaa na chumvi tu.

Walinikata titi mwishoni mwa kiangazi. Kuhusu hilo nitasema machache. Nilipoamka upande ule ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, na kwa wiki nyingi nilitembea nimeegemea kushoto, kama mtu aliyebeba ndoo upande mmoja. Waliondoa na matezi ya kwapani, na mkono wa kulia ukaanza kuvimba. Mkono wa fundi. Kisha daktari akaniambia zinafuata dawa za dripu, mizunguko kadhaa, moja ya dawa hizo ghali, na nipite ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya kuanza.

Kwenye benchi la ofisi hiyo mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Dada, utarudishwa," alininong'oneza. "Mimi kandambili hizi nimeazima. Ukija hapa unavaa kilichochanika."

Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge cha kijani, la mikono mipana ili mkono uliovimba ukae, na kilemba chake. Nilijitazama. Kwenda nyumbani kubadilisha ningeweza. Nikabaki.

Ofisa ustawi alikuwa binti, pengine hajafika thelathini, macho mekundu kwa kuchoka. Alisoma karatasi zangu na barua ya mwenyekiti wa mtaa, akanitazama, akazisoma tena.

"Mama, samahani, lakini watu wa msamaha hawaji wamependeza hivi."

"Gauni hili nimelishona mwenyewe," nikasema. "Kitambaa ni vipande vilivyobaki kwa wateja, ukiangalia mgongoni utaona nimeunga. Unataka nikavae matambara ndipo uamini naumwa?"

"Kuumwa naamini. Ninachoulizwa mimi ni kama unaweza kulipa."

"Cherehani ninaikanyaga kwa mguu na kuizungusha kwa mkono huu." Nikampandishia mkono wa gauni. "Niambie wewe."

Aliweka kalamu chini na kusema jambo ambalo sikulitegemea. "Mama, nikisamehe kila mtu anayeingia hapa, dirisha la dawa linabaki tupu. Dawa za kesho zinanunuliwa na wanaolipa leo. Nikikukatalia wewe nalala vibaya, nikiwakubalia wote wakubwa wananiuliza. Mimi nifanyeje?"

Nilimwambia tu kwamba swali hilo asiniulize mimi peke yangu, awaulize na waliomweka pale. Alinipa msamaha wa nusu. Ile nusu nyingine tuliipata, Elia na mimi, kwa mageti na kwa mashine yangu ya pili niliyoiuza. Lakini sikuvaa matambara. Dada unayesoma, hata wewe usivae. Ukienda umejichakaza ili uonewe huruma, unamfundisha anayekuhudumia kwamba matibabu ni huruma, na mwingine atakayekuja nyuma yako atatakiwa kuchakaa zaidi.

Dripu ya kwanza nilitundikiwa mvua za masika zikianza. Chumba kilikuwa na viti vya kuegemea vilivyopasuka ngozi, na dirisha ambalo siku ya mwanga unauona Mlima Meru, siku ya mvua unaona ukuta wa ukungu. Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee mmoja kutoka Tengeru, mwalimu mstaafu, mlimaji wa kahawa na ndizi, aliyekuwa na saratani ya tezi dume iliyokuwa imeanza kutembea. "Niite Mwalimu Kaanaeli," alisema nilipomwamkia shikamoo. Alikuwa na redio ndogo na maoni mengi.

Siku hiyo redio ilikuwa inazungumzia bima ya afya kwa wote: kila mwananchi achangie, kila mwananchi atibiwe. Mwalimu akaizima kabla mgeni wa kipindi hajamaliza.

"Hawa wanaota," alisema. "Kitu cha serikali hakina mwenyewe. Nimefanya kazi serikalini maisha yangu yote. Nimeona chaki ikiisha shule nzima, muhula mzima, na hakuna aliyeulizwa. Leo wanataka tuwape na roho zetu."

"Mwalimu, wewe hapa unalipiwa na nani?"

"Nina bima yangu."

"Nani alikuwa anaichangia?"

"Mimi. Ilikatwa kwenye mshahara."

"Wewe na mwajiri wako. Na mwajiri wako anapata wapi? Kila jora la kitambaa ninalonunua lina kodi. Kila uzi. Nimekuchangia dawa yako miaka yote nikiwa sijawahi kukuona, Mwalimu, na mimi mwenyewe sina kadi."

Alicheka hadi dripu ikatikisika na nesi akaja kuangalia. "Haya, asante," alisema. "Lakini hujanijibu kuhusu chaki."

"Chaki ilipoisha, ulifunga shule?"

"Nilifundishia mkaa."

"Basi umejijibu."

"Hapana, binti yangu," alisema, na sauti yake ilishuka. "Hapo ndipo penye shida. Walijua kwamba nitafundishia mkaa. Kwa hiyo chaki hawakuleta."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Tulibishana hivyo mzunguko baada ya mzunguko. Mkewe alikuwa akimpa mtori, supu nzito ya ndizi, kwenye chupa ya chai, na kuanzia mzunguko uliofuata akawa anatia na wa kwangu, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umejaa vidonda na ugali niliuhisi kama mchanga. Mtori ule ulipita. Nisingependa kusahau kuuandika.

Nywele ziliondoka katikati ya masika, zikibaki kwenye mto kila asubuhi. Elia alichukua mashine ya kunyolea, akaniketisha barazani mchana kweupe, jirani wote wakiona, akaninyoa. Alininyoa vibaya, sehemu zimebaki kama shamba lililopaliliwa na mlevi. Alipomaliza akasimama mbele yangu kwa muda na ile mashine mkononi. "Acha wajue," alisema. Hayo tu. Wiki iliyofuata alifunga kwenye cherehani yangu mota ndogo ya mtumba, ili mkono wa kulia usizungushe tena gurudumu. Sisi kwetu kuombana radhi kulikuwa hivyo.

Kucha zilikuwa nyeusi. Vidole vilikufa ganzi, nikawa nashika sindano bila kuisikia, na binti yangu Neema akitoka shule ndiye aliyenitungia uzi. Harufu ya mafuta ya cherehani, ambayo nimeishi nayo tangu usichana, ilinitapisha. Kwa siku nne au tano baada ya kila dripu sikuwa mtu. Halafu ninainuka, nashona ninachoweza, na siku ya kurudi inafika.

Ndipo, kwenye baridi ya katikati ya mwaka, dawa ikaisha.

Tulifika asubuhi, tukapimwa damu, tukangoja benchini hadi jua lilipopenya. Kijana wa dirisha la dawa akatuambia kwa upole kwamba ile dawa kuu haipo. Tununue nje, au twende nyumbani tusubiri simu. Maduka ya nje yalikuwa nayo, kwa bei ambayo hata kuitamka sikutamani. Mama mmoja aliyetoka Mto wa Mbu, aliyekuwa akikaa pembeni yetu tangu mwanzo na mtandio wake wa zambarau, alifunga kifurushi chake. Nikamwuliza anakwenda wapi. "Nyumbani," alisema. "Nauli ya kurudi tena sina." Akaondoka.

Mwalimu angeweza kununua. Bima yake ilimruhusu kuchukua dawa kwenye duka la nje. Alikuwa ameshasimama na mkongojo wake. Mimi nilibaki nimeketi.

"Mwalimu," nikamwambia, "ukienda kununua nje, umefundishia mkaa."

Akaketi tena.

Hatukupiga kelele. Tulikwenda, sisi wagonjwa tuliokuwa tumebaki, wengine wakiwa wameshikana mikono kwa udhaifu, hadi kwenye benchi lililo nje ya ofisi ya mganga mfawidhi, mkubwa wa hospitali, tukakaa. Katibu wake alituuliza kama tuna miadi. Mwalimu Kaanaeli akasema kwa sauti ya darasani, "Tunayo. Ilikuwa ya leo, ya dawa."

Mganga mfawidhi alitoka mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mpole, na nilimwona amechoka kama yule binti wa ustawi. Alisema ameagiza dawa tangu masika na haijaja. Alisema si kosa lake.

"Inawezekana si lako," nikamwambia. "Lakini sisi hatuna mwingine wa kumwona. Piga simu, daktari. Sisi tutakaa hapa unapopiga. Waambie wanaokuuliza kwamba tuko mlangoni na hatutanunua nje."

"Mama, mnaweza kukaa hapa hadi jioni na isije."

"Tumezoea kukaa."

Alirudi ndani na kuuacha mlango wazi. Tulimsikia akipiga simu, mwanzoni kwa heshima, baadaye kwa ukali, halafu kwa kusihi. Mchana nesi wetu alituletea chai ya rangi kwenye birika la wauguzi, na sidhani kama aliruhusiwa. Alasiri daktari akatoka akasema hospitali nyingine ya serikali itaazima dawa, itafika baada ya siku mbili. Hakuna aliyeshangilia. Siku mbili baadaye ilifika, na tukatundikiwa.

Yule mama wa Mto wa Mbu hakurudi. Nesi alipiga namba yake, haikupatikana. Nilimngoja mzunguko uliofuata na uliofuata huo. Watu wanaponiambia kwamba gharama za kutibu kila mtu ni kubwa mno, namfikiria yeye akifunga kile kifurushi, na ninajua gharama ya kutomtibu nayo ipo, ila inalipwa kimyakimya, huko nyumbani kwake, ambako hakuna anayeiandika.

Kitu kingine nilichofanya hospitalini nakisema kwa kujivuna. Chumba tulimokaguliwa vidonda kilikuwa hakina pazia. Mlango ukifunguliwa, kila aliye kwenye korido anakuona kifua chako kilichoshonwa. Wanawake walikuwa wanajifunika kwa mikono. Nilipima dirisha na mlango kwa macho, nikashona mapazia mawili ya kitambaa kizito cha bluu kwa mkono mmoja na nusu, na siku ya kliniki Elia akaja na nondo aliyoikata, akaichimbia ukutani. Muuguzi mkuu alitukuta tunatundika.

"Nani ameidhinisha hii?"

"Mwenye hospitali."

"Mwenye hospitali nani?"

"Mimi," nikasema. "Na huyu mume wangu. Na wewe pia, sista, kama hujui."

Alisimama pale, mkono kiunoni. Alisema kuna utaratibu, kwamba vitu vya kupokelewa vinapita stoo. Halafu mgonjwa aliyefuata akaingia, mwanamke mzee, akalivuta pazia likafungika, tukamsikia akishusha pumzi. Muuguzi mkuu akasema tutamalizia upande wa dirisha, ila tusivunje chokaa.

Dripu ya mwisho ilinikuta kiangazi kimekauka na vumbi linapanda hadi Olmotonyi. Vipimo vilivyofuata vilikuwa safi, na vya baada ya hapo. Mwalimu Kaanaeli hakupona kabisa, lakini yupo. Dawa zinaushikilia ugonjwa, anachuma kahawa yake, na kila nikimpigia anaanza kwa kunieleza kitu kingine cha serikali kilichoharibika. Hatujakubaliana, na sitegemei.

Mwaka huu nilipanda Olmotonyi kumsalimia yeyo, nikakuta mkutano wa kijiji. Maofisa walikuwa wamekuja kueleza habari za kuchangia bima. Kaka Lazaro alisimama na kusema kwamba yeye ni mzima, watoto wake ni wazima, na haoni kwa nini alipie magonjwa ya watu asiowajua, pesa ziende kwenye hospitali ambazo dawa hazina. Wanaume wengi waliitikia. Sikushangaa. Alichosema kuhusu dawa kilikuwa kweli, na mimi ndiye niliyemsimulia.

Nilinyoosha mkono wa kulia, ule uliovimba. Kwetu mwanamke aliyeolewa mbali kuja kumjibu kaka yake mbele ya wazee si jambo dogo. Mwenyekiti alisita, kisha akanipa nafasi.

"Mimi nimelipiwa na watu wasionijua," nikasema. "Nusu ya dawa zilizoniponya sikuzilipia mimi wala Elia wala kaka. Kuna mtu Tengeru, kuna mtu Tunduru, sijui, amenunua sukari, amenunua vocha, kodi yake ikanitibu. Hakuniuliza kama namjua. Kaka anasema dawa hazipo, na ni kweli, siku nyingine hazipo. Sasa tukikaa pembeni, nani atakwenda kuuliza kwa nini hazipo? Anayelipa ndiye anayeuliza. Mimi nimeshachangia. Nitawauliza mpaka wanichoke."

Hawakupiga makofi. Mzee mmoja alikohoa, wakaendelea na suala la bomba la maji.

Kaka alinisindikiza hadi barabarani. Alitembea fimbo mabegani, akipunguza mwendo kwa ajili yangu. Tulipofika kwenye lami akaniuliza kama mkono unauma. Nikamwambia jioni huwa unauma.

"Nashi," alisema, "pamoja na yote uliyosema, mimi hospitali ile siiamini."

"Hata mimi siiamini, kaka," nikamwambia. "Mimi naidai."